Siri za Nyumba na Kisanduku cha Intaneti

Katika nyumba nyingi za mjini siku hizi, juu ya kabati la vyombo au nyuma ya televisheni, mna kisanduku chenye taa ndogo zinazomemeta usiku na mchana. Fundi wa kampuni ya intaneti alikileta asubuhi moja, akakiunganisha na waya utokao nje, akasoma herufi na namba zilizobandikwa ubavuni mwake, akaziingiza katika simu ya mwenye nyumba, kisha akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuna aliyekigusa isipokuwa kukipangusa vumbi, au kukizima na kukiwasha pale intaneti inapokwama. Jina lake ni ruta. Kila barua, kila picha, kila hesabu ya benki, na kila swali ambalo kijana huliuliza kwa siri kupitia waifai ya nyumbani, hupita humo kwanza kabla ya kutoka nje.

Ruta basi ni mlango wa nyumba, sawa na ule wa mbao uliopo barazani, ila kuna jambo moja la kustaajabisha. Hakuna mwenye nyumba anayekubali ufunguo wa mlango wa mbao ubaki kwa seremala. Ufunguo wa ruta, watu wengi hawajapata hata kuuona.

Wako wanaosema kuwa hofu hii haina msingi, maana tovuti za siku hizi huonyesha alama ya kufuli juu ya kioo cha simu. Ni kweli kwamba kufuli hilo lina kazi kubwa. Mawasiliano na tovuti nyingi husimbwa kwa fumbo, hata mtu aliyeko njiani asiweze kuyasoma. Lakini bahasha iliyogundishwa vizuri bado ina anwani juu yake. Simu haiwezi kufungua tovuti bila kuuliza kwanza namba ya mahali tovuti hiyo ilipo, na swali hilo hupelekwa kwa huduma ya majina, iitwayo kwa kifupi DNS. Kwa desturi swali huenda wazi, na mara nyingi mwenye kulijibu ni kampuni ile ile inayouza intaneti. Kampuni haioni kile mama alichomwandikia daktari. Inaweza kuona kwamba saa 5 usiku mtu wa nyumba hii alifungua tovuti ya ugonjwa fulani, kesho yake akaifungua mara nne, na juma lililofuata akafungua tovuti ya hospitali iliyo mbali na mtaa wake. Kwa mtu mwenye akili, hayo yatosha kuwa barua nzima.

Nchini Marekani shauri hili lilifika mpaka bungeni. Kanuni zilizotungwa mwaka 2016, za kuzitaka kampuni za intaneti kuomba ruhusa ya mteja kabla ya kutumia au kuuza habari za tovuti anazozitembelea, zilifutwa na Bunge, na Rais akatia sahihi mwezi wa Aprili 2017. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, ilitoa taarifa juu ya kampuni 6 kubwa za intaneti, ikieleza kuwa zilikuwa zikikusanya habari nyingi kuliko wateja walivyodhani, na kwamba baadhi yake ziliwapanga wateja katika mafungu hata kwa mambo nyeti kama asili ya mtu. Katika Afrika ya Mashariki sheria za kulinda habari za watu zimekwisha kupitishwa: Kenya na Uganda mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo humfunga yule anayekusanya habari. Hazimwonyeshi mwenye nyumba pa kubonyeza.

Wezi nao hawakungoja sheria. Mwaka 2011 nchini Brazili waliziingilia modemu za majumbani kwa kupitia kosa lililokuwamo katika programu zake, wakabadilisha jambo moja dogo tu, yaani anwani ya huduma ya majina. Kuanzia hapo mtu aliandika jina la benki yake sawasawa, herufi kwa herufi, naye akafikishwa kwenye tovuti ya bandia iliyofanana na ile ya kweli kama pacha na pacha. Modemu zilizoharibiwa namna hiyo zilikadiriwa kufika milioni 4.5. Kusafisha kompyuta hakukusaidia kitu, kwa maana ugonjwa ulikuwa ndani ya kisanduku ukutani.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2016, ilikuja Mirai. Programu hiyo ya uharibifu haikuwa na maarifa makubwa. Ilibisha hodi katika kamera na ruta za dunia nzima, ikajaribu orodha ya majozi yapatayo 60 ya majina na maneno ya siri yaliyotiwa kiwandani, kama vile «admin» na «admin», na popote ilipofunguliwa ikaingia. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la vifaa hivyo lilitumwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, nayo ilikuwa ikitoa huduma ya majina, na kwa saa kadhaa tovuti mashuhuri hazikufunguka. Mwezi uliofuata programu ya ukoo huo huo ilijaribu kuingia katika ruta za wateja wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani, ikazikwamisha zipatazo 900,000. Wenye nyumba hao hawakuwa wamefanya kosa lolote. Walikuwa wamekiacha kisanduku kama kilivyoletwa, kama afanyavyo kila mtu.

Tiba yake ipo, na imekuwapo muda mrefu. Kuna ruta zilizotengenezwa kwa nia ya kulinda faragha ya nyumba. Ruta ya aina hiyo huyasimba maswali ya majina kabla ya kuyatoa nje. Hukataa kupeleka habari kwa anwani zinazojulikana kuwa ni za wapelelezi wa matangazo. Huitenga televisheni na kamera zisichungulie simu na kompyuta za wenyeji. Hujisasisha yenyewe, wala haimpelekei mtengenezaji taarifa za nani amefungua nini.

Chanzo cha nyingi kati ya hizo ni kisa cha kupendeza. Mwishoni mwa mwaka 2002 kampuni ya Linksys ilitoa ruta ya rangi ya buluu na nyeusi, WRT54G, yenye antena mbili. Mwaka uliofuata wataalamu waligundua kuwa programu iliyokuwamo ilitokana na Linux, ambayo leseni yake humlazimu anayeigawa kuyatoa hadharani maandishi ya programu hiyo. Maandishi yakatolewa. Mwaka 2004 watu wa kujitolea wakaanza kazi ya OpenWrt, programu huria inayoweza kuwekwa katika ruta badala ya ile ya kiwandani. Leo hii, miaka zaidi ya 20 baadaye, bado inatengenezwa, nayo huhudumia ruta za aina nyingi mno.

Kwa nini basi haimo katika kila nyumba?

Mtu na amfikirie mama mwenye nyumba ambaye amesikia habari hizi, akaazimia kuirekebisha ruta yake jioni moja baada ya kazi. Yampasa kwanza aijue aina kamili ya ruta, na si aina tu bali na toleo lake, kwani matoleo mawili ya ruta moja huweza kuwa na matumbo tofauti kabisa. Kisha apakue faili lililo sahihi kati ya mamia. Kisha aingie katika ukurasa wa ruta kwa kuandika namba kama 192.168.1.1 mahali pa kuandikia jina la tovuti, jambo ambalo hajapata kulifanya maishani mwake. Alitie faili, angoje, na kuomba umeme usikatike, kwa kuwa ukikatika katikati ya kazi kisanduku huweza kufa kisiamke tena. Tuseme umeme umemhurumia. Ruta inaamka, mama anachukua simu aitafute waifai, na waifai haipo. OpenWrt, kwa desturi yake katika ruta nyingi, huanza na waifai ikiwa imezimwa ili nyumba isibaki wazi kabla neno la siri halijawekwa. Kwa mtaalamu hiyo ni busara kubwa. Kwa mama asiye na kompyuta wala waya, ambaye intaneti yake yote iko katika simu, ni sawa na kukabidhiwa nyumba mpya ambayo kitasa cha mlango kiko upande wa ndani.

Na akiazima kompyuta kwa jirani, atakutana na maneno WAN, LAN, DHCP na PPPoE, yamepangwa kana kwamba kila mtu alizaliwa akiyajua.

Si haki kusema kuwa mama huyo ni mzembe au hana elimu. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Alma Whitten na J. D. Tygar, walichapisha uchunguzi juu ya PGP, programu ya kuzisimba barua, ambayo wakati huo ilisifiwa kuwa na sura nzuri na kutumika kwa urahisi. Waliwaita watu 12, wote wazoefu wa kutumia barua za kompyuta, wakawapa dakika 90. Ni theluthi moja tu walioweza kusimba na kutia sahihi barua ipasavyo. Watu 3 walituma siri yenyewe ikiwa wazi bila kukusudia. Chombo kilikuwa imara. Mikono ya kawaida haikuona pa kukishikia.

Watengenezaji walilitambua tatizo hili zamani, nao wamejaribu kurahisisha mambo. Ila urahisi una namna zake, na namna mbili kati yake zimeleta hasara.

Namna ya kwanza ni urahisi unaotoboa ukuta. Miaka ya 2000 ilipokuwa ikielekea ukingoni, kampuni za waifai zilikubaliana juu ya utaratibu uitwao WPS. Badala ya kuandika neno refu la siri, mtu angeingiza namba ya tarakimu 8 iliyobandikwa chini ya ruta. Wenye nyumba walifurahi. Desemba 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huijibu namba hiyo kwa nusu mbili: humwambia mtu kama tarakimu 4 za mwanzo ni sahihi kabla hata hajamaliza. Tarakimu ya mwisho nayo hupatikana kwa hesabu kutokana na zile zilizotangulia. Kwa hiyo mwizi hana haja ya kubahatisha mara mamilioni. Majaribio 11,000 yanatosha, kazi ambayo kompyuta huimaliza kwa saa chache akiwa amekaa ndani ya gari nje ya ua. Ruta nyingi zilitoka kiwandani namba hiyo ikiwa tayari inafanya kazi. Mwenye nyumba aliyekuwa ameweka neno la siri la herufi 20 alikuwa amefunga mlango wa mbele kwa komeo la chuma na kuuacha wa uani umeegeshwa.

Namna ya pili ni urahisi unaolipiwa kwa siri zenyewe. Mwaka 2016 zilianza kuuzwa Marekani ruta za Eero, ambazo huwekwa kwa kutumia simu peke yake: mtu hufuata picha, hujibu maswali machache, na kazi imekwisha. Hapana budi kuwasifu walioitengeneza, maana walionyesha kuwa jambo hili linawezekana. Lakini ruta hiyo haiwekeki bila mwenye nyumba kufungua akaunti kwa kampuni, na mwaka 2019 kampuni hiyo ilinunuliwa na Amazon, muuza bidhaa mkubwa kuliko wote wa intaneti katika nchi ile. Mtu aliyeikaribisha kampuni moja sebuleni mwake akajikuta na mgeni mwingine ambaye hakumchagua.

Kuna na waliojaribu kuuza faragha yenyewe kwa haraka haraka. Oktoba 2014 kisanduku kilichoitwa Anonabox kilitangazwa katika tovuti ya michango ya Kickstarter: kichomeke tu, na mawasiliano yote yapite katika mtandao wa Tor unaoficha mahali mtu alipo. Waliohitaji dola 7,500 waliahidiwa karibu dola 600,000 kwa siku chache. Hapana ushahidi bora zaidi ya huo kwamba watu wa kawaida wanaitaka faragha na wako radhi kuilipia, mradi isiwasumbue. Ndipo wachunguzi wakabaini kuwa kisanduku kilichosemwa kuwa cha ubunifu kilikuwa kimenunuliwa tayari China, na Kickstarter ikasimamisha mchango. Kiliuzwa baadaye kwa njia nyingine, na mwaka 2015 visanduku 350 vikarudishwa kwa mtengenezaji: waifai yake haikuwa na neno la siri, na neno la siri la usimamizi lilikuwa «admin». Hata kama kingetengenezwa vyema, mtu anayepita katika Tor kisha akaingia kwa jina lake katika ukurasa wake wa Facebook amekwisha kujitaja mwenyewe.

Urahisi wa namna ya tatu umekuja polepole na kwa kelele chache. Shirika la CZ.NIC la Jamhuri ya Cheki, lenye dhamana ya majina ya tovuti za nchi hiyo, lilianza mwaka 2013 mradi wa ruta uitwao Turris. Mwishoni mwa mwaka 2015 liliomba michango ya dola 100,000 kwa ajili ya ruta ya Turris Omnia, likapata zaidi ya mara nane ya kiasi hicho. Ndani yake mna programu iliyojengwa juu ya OpenWrt, lakini anayeifungua kwa mara ya kwanza hapokewi na ukurasa wa maneno ya kitaalamu. Huongozwa hatua kwa hatua: kuweka neno la siri, kuunganisha intaneti, kuhakiki kuwa inafanya kazi, kuamua juu ya masasisho ya kujiendesha. Ajuaye zaidi ataukuta ukurasa wa kitaalamu nyuma ya ule wa kwanza. Asiyejua hatakiwi kuufungua. Kikwazo ni bei, ambayo ni kubwa kuliko ya ruta za kawaida.

Watu wa OpenWrt wenyewe, wakishirikiana na shirika la Software Freedom Conservancy, walitoa ruta yao ya kwanza, OpenWrt One, mwezi wa Novemba 2024, kwa bei ya dola 89 pamoja na kasha lake. Programu imo tayari, hivyo ile safari ya kutafuta faili kati ya mamia imefutwa. Jambo la kupendeza zaidi ni swichi ndogo iliyomo: programu ikiharibika, mwenye nyumba huisogeza, na ruta huamka kwa nakala nyingine iliyohifadhiwa mahali pa pembeni. Mtu asiyeogopa kuharibu kitu hujifunza upesi, na swichi hiyo imeondoa hofu kubwa kuliko maelezo ya kurasa 50.

Sheria nazo zimeanza kusukuma. Tangu tarehe 1 Januari 2020 jimbo la California hudai kila kifaa cha intaneti kiwe na neno lake pekee la siri, au kimlazimishe mnunuzi kuweka jipya kabla ya kukitumia. Uingereza ilifuata tarehe 29 Aprili 2024, ikakataza maneno ya siri ya kiwandani yanayofanana au kubahatishwa kwa urahisi. Faida ya sheria kama hizo ni kwamba hazimtaki mama mwenye nyumba afanye lolote. Kazi imerudishwa kwa yule mwenye kiwanda, ambako ilistahili kuwa tangu mwanzo.

Limebaki suala la lugha, na hapo ndipo watengenezaji wengi bado wamelala. Kufasiri maneno peke yake hakutoshi, kwa maana «itifaki ya usanidi» humchanganya mtu sawasawa na Kiingereza chake. Yafaa kisanduku kiulize maswali ambayo mwenye nyumba ana majibu yake. Kisiulize ni mitandao mingapi itengwe. Kiulize kama wageni wakija wapewe neno lao la siri, tofauti na la wenyeji. Kisiulize juu ya usimbaji wa DNS. Kiseme kwamba kampuni inayouza intaneti huweza kuona majina ya tovuti zinazofunguliwa humu, na kiulize kama yafichwe. Na pale ambapo jibu moja ni jema kwa karibu kila nyumba, kama vile kujisasisha, kisiulize kabisa, bali kifanye na kueleza kimefanya nini. Kila swali lisilo la lazima humfukuza mtu mmoja arudi kwenye kisanduku cha zamani. Tena maswali hayo yajibike kwa simu, bila waya, kwa kusoma alama ya mraba iliyobandikwa chini ya ruta, na neno la siri la kibandiko kimoja lisifanane na la kingine. Lisipatikane kwa hesabu pia: mwaka 2008 ilijulikana kwamba katika ruta za SpeedTouch, jina la waifai lililotangazwa hewani lilitosha kumwezesha mjuzi kulipata neno la siri la kiwandani.

Maadamu visanduku vya namna hiyo ni vichache, nyumba nyingi humtegemea kijana. Kila ukoo una mmoja, mpwa au mtoto wa jirani, aliye mwepesi wa mambo ya kompyuta. Huja Jumamosi, huketi nusu saa, hunywa chai, na ruta huwa salama. Mwaka unaofuata huenda chuoni katika mji mwingine, na neno la siri la usimamizi limo kichwani mwake. Wala hilo si shida ya kusahau tu. Mwenye ufunguo wa usimamizi huweza kuona simu zipi zimo ndani ya nyumba na saa ngapi zinatumika, na katika ruta nyingine hata majina ya tovuti zinazofunguliwa. Mume anayeushika peke yake anaweza kumchunguza mkewe, na kaka akamchunguza dada yake, bila kuonekana. Ruta ya kulinda faragha dhidi ya watu wa nje, ambayo ufunguo wake uko kwa mtu mmoja wa ndani, imehamisha dirisha tu. Watu wazima wa nyumba na wajue wote neno hilo.

Kwa nyumba ambayo haina fedha ya ruta mpya, jioni moja inatosha kuirekebisha iliyopo kwa kiasi cha kuridhisha. Ubavuni au chini ya ruta pameandikwa anwani ya ukurasa wake pamoja na neno la siri la usimamizi. Simu ikiwa imeunganishwa na waifai ya nyumbani, anwani hiyo iandikwe juu ya kivinjari. Jambo la kwanza ni kulibadili neno la usimamizi, ambalo ni tofauti na lile la waifai. Wengi hubadili la pili wakaliacha la kwanza. Kisha itafutwe sehemu iitwayo WPS, izimwe. Kisha itafutwe sehemu ya masasisho, na kama kuna nafasi ya kuyafanya yajiendeshe, iwashwe. Mtandao wa wageni ufunguliwe, uwekewe neno lake la siri, na televisheni na kamera vihamishiwe humo pamoja na simu za wanaokuja kutembea. Ikitokea kwamba kampuni imeufunga ukurasa huo kwa mteja, mteja anayo haki ya kuipigia simu na kuuliza ni nani mwingine anayeufungua.

Maswali ya majina yaweza kufichwa hata bila kuigusa ruta. Simu za Android kuanzia toleo la 9 la mwaka 2018 zina sehemu ya DNS ya faragha katika mipangilio ya mtandao. Humo mtu huandika jina la huduma anayoiamini, kwa mfano dns.quad9.net, ya shirika lisilo la faida ambalo mwaka 2021 lilihamishia makao yake Uswisi. Kuanzia hapo kampuni ya intaneti haiyasomi tena maswali hayo, ingawa kwa njia nyingine bado huweza kutambua baadhi ya tovuti, na siri ya maswali imehamia kwa huyo anayejibu. Hayo yafaa kujulikana kabla ya kuchagua. Simu ikikataa kufungua tovuti baada ya badiliko hilo, sehemu hiyo hurudishwa ilivyokuwa kwa kubonyeza mara moja, wala hakuna kilichoharibika.

Mwisho wa kazi, maneno yote mawili ya siri yaandikwe kwa wino katika kadi, pamoja na tarehe, na jina la kampuni, na maelezo ya kile kitundu kidogo cha nyuma ambacho, kikishikiliwa kwa pini kwa muda wa sekunde kumi hivi, hurudisha ruta katika hali ya kiwandani. Kadi isibandikwe ukutani penye macho ya wageni. Mahali pake ni katika bahasha ile ile yenye vyeti vya kuzaliwa na hati ya kiwanja, ambapo kila mtu mzima wa nyumba anajua pa kuitafuta.